Nina miaka 47, nataka kusoma nota na kupiga kinanda, je nimechelewa?

Shikamoo Mwalimu,

Mimi ni mama wa miaka 47, naishi Morogoro, kazi yangu fundi cherehani, nina kibanda sokoni na nyumbani pia nina cherehani moja ya kazi za usiku. Kwaya nimeimba miaka 19 sasa, sauti ya pili, na miaka yote hiyo sijawahi kusoma nota. Nasema ukweli mwalimu, zile karatasi nazishika kama wenzangu ila macho yangu yanasoma maneno tu, wimbo wenyewe naupata kwa sikio. Zamani mwalimu wa kwaya alikuwa anatuimbia sauti moja moja hadi inakaa, siku hizi tunatumiwa voisi WhatsApp, naiweka simu juu ya meza ya kukatia nashona huku nasikiliza, narudia hata mara thelathini hadi nimeimeza. Solfa kidogo najua maana shule ya msingi tulifundishwa, do re mi fa so la ti do naimba kupanda na kushuka na herufi nazitambua, ila zile nukta na vistari vya katikati ndo sijui vinasemaje.

Sasa mwaka jana mpiga kinanda wetu alihamishwa kikazi. Tukabaki na kijana mmoja wa kidato cha nne, ana kipaji haswa, anapiga kwa kusikia tu, kila wimbo anaupigia C halafu anabonyeza transpozi, kile kitufe cha kupandisha au kushusha sauti ya kinanda. Na yeye mwakani anaenda bweni. Siku moja mazoezini tukagawiwa wimbo mpya wa Shukrani, umeandikwa stafu tupu, ile ya mistari mitano, hakuna solfa, basi hakuna mtu hata mmoja aliyeweza kuuanzisha. Tulikuwa watu 31 tumeshika karatasi, tukaangaliana, kiongozi akasema haya tusubiri rekodi, tukaendelea na nyimbo za zamani. Mwalimu siku ile nilirudi nyumbani sisemi na mtu. Kitu kiko mkononi mwetu, kimeandikwa, halafu watu wazima wote tumenyamaza.

Hela ya kikoba ilipotoka nikanunua kibodi ya mtumba, vitufe 61, laki nne na nusu. Nikatafuta na mwalimu nikamlipa mwezi mzima. Siku ya kwanza tu akaniambia nipige skeli ya C, yaani do hadi do, mikono miwili kwa pamoja, mkono wa kulia ukaenda, wa kushoto ukagoma, nikirudia ndo vinavurugika zaidi. Siku ya nne akaniambia mama vidole vyako vimeshakomaa, haya mambo ni ya watoto, ungemleta binti yako. Sikurudi tena.

Tangu hapo najaribu mwenyewe. Usiku nikimaliza kazi naondoa vitambaa mezani naweka kibodi, nimekata vipande vya plasta nimebandika herufi kila kitufe, na nimeweza kupiga sauti ya kwanza ya nyimbo mbili kwa mkono wa kulia nikiangalia plasta. Lakini karatasi ikiwa mbele yangu nahesabu mistari toka chini, E, G, B, hadi niifikie nota yenyewe wimbo umeshapita. Binti yangu wa miaka 12 alikaa pale wiki moja tu akanipita. Nilifurahi na pia iliniuma, sijui kama unanielewa. Baba yake hajakataza, ila juzi aliniuliza kwani unataka kuwa nani, nikakosa jibu.

Naomba uniambie bila kunificha, nimechelewa? Nisome solfa au stafu? Yule kijana ananiambia mama achana na makaratasi, jifunze C na transpozi inatosha, ni kweli? Na je Pasaka ijayo naweza kuwa nawapigia kwaya?

Mama wa Sauti ya Pili, Morogoro


Marahaba mama, na pole kwa maneno uliyoambiwa.

Nianze na hilo la skeli maana limekukaa moyoni na halikupaswa kukaa. Skeli ya C ukiipiga mikono miwili kwa pamoja kupanda, mkono wa kulia dole gumba linapita chini ya vidole ukifika fa, lakini mkono wa kushoto wenyewe unakwenda hadi so kwanza, halafu kidole cha kati ndo kinaruka juu ya dole gumba kwenda la. Yaani mikono miwili inageuza vidole sehemu tofauti. Hicho ni kitu cha kumchanganya mtu yeyote anayeanza, awe na miaka 7 au 47, na walimu wengi tunakiweka mbali hadi mtu azoee mkono mmoja mmoja. Kwa hiyo kilichogoma siku ile ni mpangilio wa somo, vidole vyako vizima kabisa. Mtu anayepitisha uzi kwenye sindano ya cherehani usiku hana vidole vilivyokufa.

Leo jioni fanya hivi uone. Weka dole gumba la kulia na dole gumba la kushoto yote kwenye C ya kati, ile C iliyo karibu na katikati ya kibodi, kitufe kimoja, mikono inaangaliana. Halafu kila mkono uende upande wake, wa kulia unapanda na wa kushoto unashuka, gumba, cha pili, cha tatu, cha nne, cha mwisho, kisha mrudi mkutane katikati. Vidole vinavyobonyeza ni vilevile pande zote, mwili unaupenda mwendo huo. Taratibu sana. Utaona mikono miwili inakubali siku hiyohiyo.

Kuhusu kuchelewa. Siti binti Saad alizaliwa Fumba mwaka 1880, akaingia mjini Unguja 1911, mtu mzima wa miaka thelathini na kitu aliyekuwa akifinyanga na kuuza vyungu, na ni huko mjini ndo watu wa taarab walipomfundisha muziki. Mwaka 1928 akaenda Bombay kurekodi santuri. Yeye alijifunza kwa sikio, na wewe sikio unalo tayari, miaka 19 ya sauti ya pili siyo mchezo. Watu wanadhani sauti ya pili ni ya kusindikiza tu, lakini anayeiimba sawasawa anashikilia njia yake huku sauti ya kwanza inamvuta sikio moja na ya tatu inamvuta jingine, na hatetereki. Wapo wanaopiga kinanda vizuri na hilo hawaliwezi.

Mtoto anakupita kwa sababu mbili hivi nilizoziona mimi kwa miaka ya kufundisha. Ya kwanza ana muda, ya pili akikosea haumii, anacheka anarudia. Mtu mzima akikosea anasimama, anakunja uso, anaanza upya toka mwanzo wa wimbo, kwa hiyo mwanzo anaujua sana na katikati haujui kamwe. Ukikosea usirudi mwanzo. Rudi hatua moja nyuma, pita pale palipokukwaza mara nne tano polepole, songa mbele. Na yule binti mweke karibu mama, usimwonee wivu wala usijifiche kwake, mpe sauti ya kwanza aipige yeye kwa mkono wa kulia upande wa juu wa kibodi na wewe upige sauti ya pili upande wa chini yake, mkae benchi moja. Mtu akishapigiwa sauti ya kwanza na mwanae hiyo sauti ya pili inamkaa vizuri ajabu.

Haya, sasa kwenye jambo lenyewe. Nimeisoma barua yako mara mbili na nadhani uliloniuliza mwisho, la kuipigia kwaya Pasaka, siyo lililokukosesha usemi siku ile. Lililokuuma ni watu 31 na karatasi. Kama ni hivyo basi njia yako inaanzia kwenye sauti, kinanda kitafuata. Jifunze kuiimba karatasi kabla hujajifunza kuipiga. Najua umeshanunua kibodi na inakuita, nayo utaipiga kila siku, ila kwa muda huu ikusaidie kuhakikisha ulichoimba. Vidole vya mtu mzima vinachukua muda, hilo sikufichi, lakini macho na sauti vinaweza kukubaliana mapema kuliko unavyofikiri.

Uliuliza solfa au stafu. Zote, na solfa ndo mlango. Nasikia watu siku hizi wanaidharau solfa eti ya vijijini, inanikera kweli. Solfa hii tuliyonayo ilianza kwa mwalimu mmoja mwanamke wa Norwich, Uingereza, Sarah Glover, halafu mchungaji John Curwen akaitengeneza na kuisambaza kuanzia miaka ya 1840, na ilifika kwetu na wamisionari kwa sababu ilichapika kwa herufi za kawaida tu na alama za nukta, hapakuhitajika mtambo maalum wa muziki. Enoch Sontonga, mwalimu wa shule na kiongozi wa kwaya kule Johannesburg, mwaka 1897 alitunga ule wimbo ambao muziki wake ndo wimbo wetu wa taifa, na nyimbo zake aliziandika kwa solfa kwenye daftari. Kwa hiyo usione haya kabisa.

Zile nukta na vistari vinavyokusumbua ni saa tu, ni mapigo. Nukta mbili inatenganisha pigo na pigo. Mstari wa kusimama unaanza kipimo kipya, yaani kikundi kipya cha mapigo, hapo ndo pana mkazo. Nukta moja katikati ya herufi mbili maana yake pigo limegawanywa nusu kwa nusu. Kistari cha kulala kinasema endelea kushika nota ileile, usiikate. Ukiona nafasi tupu, nyamaza. Basi, umeshajua sehemu kubwa. Chukua wimbo wowote wa solfa mnaouimba, usiuimbe, upige makofi tu kwa sauti ya pili huku kidole kinafuata karatasi. Wiki moja inatosha kukufungua macho.

Sasa kutoka solfa kwenda stafu. Kosa lako ni kuhesabu mistari toka chini kila mara, na siyo wewe peke yako, karibu kila anayeanza ukubwani anafanya hivyo kwa sababu ndivyo tunavyofundishwa, E G B D F kama sala. Achana nalo. Wewe ukishona mkono wa gauni hupimi kila tundu la sindano toka begani, una alama zako za chaki halafu unakwenda. Weka alama tatu tu. Ile alama kubwa iliyojiviringa mwanzoni, ufunguo wa G, tumbo lake linauzunguka mstari wa pili toka chini, hapo ni G. C ya kati inakaa kwenye kamstari kake kadogo chini ya mistari mitano. C nyingine ya juu inakaa nafasi ya tatu. Hizo tatu zikae kichwani kama jina lako. Nota nyingine zote zisome kwa umbali toka hapo au toka nota iliyotangulia. Nota ikitoka mstarini ikaenda nafasi inayofuata, umepiga hatua moja, do kwenda re. Ikitoka mstari ikaenda mstari unaofuata, umeruka moja, do kwenda mi. Ikibaki palepale, imba ileile. Kwaya zetu nyingi sauti ya pili inatembea kwa hatua ndogondogo hizohizo, mara so so so fa mi, haina maruko ya ajabu.

Halafu kuna hili, naomba ulikate ulibandike ukutani juu ya cherehani. Do ikikaa kwenye mstari, mi na so nazo zitakaa kwenye mistari miwili inayofuata juu yake. Do ikikaa kwenye nafasi, mi na so nazo zitakaa kwenye nafasi mbili zinazofuata. Haibadiliki, wimbo uwe ki yoyote, yaani do iwe herufi yoyote. Mfano wimbo uko G, do yako ni ule mstari wa pili, basi mi ni mstari wa tatu, so ni mstari wa nne. Ukiwa F, do ni nafasi ya kwanza, mi ya pili, so ya tatu. Ukiona do mi so zimesimama kama ngazi, re na fa zinajaza zenyewe katikati.

Utaijuaje do iko wapi? Angalia zile alama mwanzoni baada ya ufunguo. Kama ni shapu, alama kama #, ile ya mwisho kulia ni ti, panda hatua moja, hiyo ndo do. Kama ni flati, alama kama b ndogo, ile ya mwisho kulia ni fa, shuka fa, mi, re, do. Flati zikiwa mbili au zaidi ni rahisi hata kushuka hushuki, ile ya pili toka mwisho ndo do yenyewe. Hakuna alama yoyote, do ni C. Kuna nyimbo utasikia zina huzuni, za Kwaresima mara nyingi, hizo zinakwenda kutulia kwenye la badala ya do, ila kuitafuta do ni vilevile. Mimi nilisoma solfa tangu mtoto na stafu nimeisoma nikiwa na miaka 38, na siku mtu aliponionyesha habari hii ya shapu ya mwisho nilikaa chini nikachukua kitabu kizima cha nyimbo nikapita ukurasa kwa ukurasa natafuta do tu, siimbi, natafuta do. Usiku mzima. Sitaisahau raha ile.

Na kitu kimoja ambacho hakuna aliyekuambia. Nyimbo zikiandikwa kwa stafu mbili, moja juu ya nyingine, sauti nne kwa pamoja, sauti ya kwanza na ya pili zinakaa stafu ya juu. Nota zenye kijiti kinachoangalia juu ni za sauti ya kwanza, zenye kijiti kinachoangalia chini ni zako. Ukiona kichwa kimoja cha nota kina vijiti viwili, cha juu na cha chini, hapo mnaimba sauti moja nyote. Miaka 19 karatasi ilikuwa inakuonyesha njia yako kwa vijiti vya chini.

Kijana wenu na transpozi yake. Nampenda kijana huyo bila kumjua, ameibeba kwaya peke yake, na transpozi siyo dhambi, Jumapili mkiishiwa mtu aibonyeze na Mungu atasifiwa. Ila kwako wewe unayejifunza kusoma itakupoteza. Karatasi inasema G, mkono unapiga C, sikio linasikia G, macho yanaangalia kitu kingine, utawezaje kuunganisha? Kusoma ni macho, mkono na sikio kukubaliana jambo moja. Kwa hiyo iache sifuri. Anza na C, ikishakaa nenda G, yenye kitufe cheusi kimoja, halafu F, yenye cheusi kimoja pia, na kwa hizo tatu utazipata nyimbo nyingi sana za kwenu. Na muombe kijana kabla hajaenda bweni akufundishe anavyosikia kodi, yaani nota kadhaa zikipigwa kwa pamoja, umpe na wewe solfa, mtabadilishana.

Plasta zako, zibandue, ila siyo zote siku moja. Wiki hii acha za C zote tu, wiki ijayo acha C ya kati peke yake, halafu na hiyo uitoe. Ukiangalia vitufe vyeusi vimekaa viwili viwili na vitatu vitatu, C iko kushoto kwa vile viwili siku zote, F iko kushoto kwa vile vitatu. Vidole vina macho yake, vinagusa vyeusi na kujua viko wapi, plasta inavinyima kazi hiyo.

Muda wa mazoezi, dakika 20 asubuhi kabla hujafungua kibanda na 20 usiku, kuliko masaa matatu Jumamosi. Ubongo unapanga ulichojifunza ukilala, ndo maana kipande kilichokataa usiku asubuhi unakuta kimelainika. Tumia metronomu ya kwenye simu, ile inayokuhesabia mapigo, ziko za bure, weka 60, yaani pigo moja kila sekunde, na ukikosea zaidi ya mara mbili punguza hadi 50, hakuna anayekufukuza. Kiti kiwe cha kimo ambacho mkono toka kiwiko unakaa sawa na vitufe, nahisi meza ya kukatia ni ndefu mno maana mnakata mmesimama, kwa hiyo ama uweke kiti kirefu ama uhamishie kibodi kwenye meza ya chini, la sivyo mabega yatakuuma na utadhani ni uzee. Kucha fupi. Na kibodi nyingi zina tundu la hedifoni, likiwa lile nene nunua kiunganishi chake uchomeke earphone za simu, nyumba ilale.

Mapigo ya sita kwa nane usiyaogope, hizo ngoma zenu nyingi za kucheza mkienda na matoleo ziko humo. Mapigo sita, vikundi viwili vya tatu tatu. Mkono wa kushoto ubonyeze besi mwanzo wa kila kikundi tu, moja, halafu nne, wa kulia uimbe juu yake. Mwili wako unajua tayari, umeucheza.

Ukitaka mwalimu mwingine, na nakushauri umtafute hata wa mara moja kwa wiki mbili, kabla hujalipa muulize ataanzaje na mtu ambaye anaimba sauti ya pili miaka 19. Akikuambia skeli, shukuru uondoke. Akikuambia niimbie kidogo, kaa. Na ujue wapo wanaofundisha watu wazima kwa heshima, Unguja kile chuo cha muziki cha Dhow Countries toka 2002 kinafundisha udi, kanuni, fidla na kinanda, Bagamoyo kuna TaSUBa, ile taasisi ya sanaa na utamaduni, na Chuo Kikuu cha Tumaini Makumira kule Arusha wana muziki hadi digrii. Sikutumi huko, una kibanda na familia, nataka tu ujue kwamba kinachokutamanisha ni kazi ya watu wazima wengi.

Pasaka sasa. Kupiga sauti zote nne za wimbo mpya kwa kusoma, hapana mama, nikikuambia ndiyo nitakuwa nimekudanganya, kwa wanafunzi wangu wakubwa hilo limechukua miaka miwili na zaidi. Ila kuna viwili unaviweza. Kimoja, wimbo mmoja mnaoujua, ki ya G, mkono wa kushoto besi na wa kulia kodi tatu, do-mi-so, fa-la-do, so-ti-re, uwashikilie wenzako wakati wa mazoezi. Cha pili ndicho ninachokitaka zaidi, mkigawiwa karatasi mpya uweze kukaa kwenye kinanda na kidole kimoja kimoja uwapigie sauti ya pili njia yao, halafu ya kwanza, bila kusubiri voisi ya mtu. Kwaya nyingi hazina mtu wa kufanya hilo. Mume wako akikuuliza tena unataka kuwa nani, hilo ndo jibu, mwambie kwa utulivu, na mwimbie kidogo.

Kitabu chako cha kwanza tayari unacho. Ni ule wimbo wa Shukrani. Nadhani rekodi ilishakuja na mmeshauimba, kwa hiyo sikio linaujua na macho hayaujui, hakuna karatasi bora zaidi ya hiyo kwa kuanzia. Itoe mahali ulipoificha. Tafuta alama za mwanzoni, ipate do, iwekee kidoti cha penseli. Halafu fuata vijiti vya chini, nota moja moja, ukiimba majina ya solfa badala ya maneno, hadi mwisho wa ubeti wa kwanza. Ukimaliza niandikie, uniambie do ilikaa mstari gani au nafasi gani, na sauti ya pili ilianza na nini.